Upana wa Pembe za Tausi

Misima, Handeni
14 Julai 2024

Mwanangu Muhsin,

Asalaam aleykum. U mzima? Kile kifua cha moshi wa kuchomelea kimepoa? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Masikio ndiyo hayo, yamefunga duka tangu ile homa ya mwaka juzi. Swaumu wa dukani akisema nami naona midomo inacheza, najibu marahaba, kumbe ananiambia chenji yangu hii hapa. Simu uliyonitumia naitumia kumulika. Kupigiwa sisikii, na maandishi yake madogo kama siafu. Kwa hiyo nitaendelea kumpa Hiza barua. Konda yule hana ubaya, ila anakaa nazo mfukoni siku mbili tatu ndipo anazikumbuka.

Kilichonishikisha kalamu ni majani. Msimu huu mimi na jirani yetu Sufiani tumefunga marobota mia na themanini kwa lile sanduku la mbao alilotengeneza marehemu baba yako. Stoo imejaa mpaka kwenye kenchi. Lakini hawa ng'ombe watano hawana adabu. Nawamwagia chini, robo tatu wanakula, robo wanaikanyaga na kuikojolea, halafu wanainusa na kunitazama utadhani mimi ndiye niliyeharibu. Marobota mawili kwa siku yanakwenda, na ndani yake nusu robota ni la kwato. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu majani yataisha katikati ya Oktoba, na vuli ya huku unaijua, haina haraka na mtu.

Yakiisha kabla ya mvua, mmoja itabidi aende mnadani ili wengine wanunuliwe chakula. Na kila mtu akiingia zizini macho yanakwenda kwa Tausi, kwa sababu ndiye mwenye mwili. Tausi unamkumbuka, ndiye uliyemnywesha maziwa kwa chupa ya soda mama yake alipokufa. Yeye ndiye ninayeamka naye. Nikimsemesha ananigeuzia uso, na hilo linanitosha, maana jibu la mtu siwezi kulisikia tena.

Watu wanasema dawa ni hori. Basi wewe fundi wa chuma niambie, hori la namna gani linamfaa mtu wa kipato changu, lisije likala pesa kuliko ng'ombe wanavyokula majani? Nyumba ipo na njia unaijua.

Mama yako,
Mwaija

*

Old Korogwe
23 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimetulia, nimenunua kitambaa cha puani. Joto la huku karibu na mto linanitoa jasho, lakini kazi zipo. Nawe pole na magoti.

Suala la hori nimelifanyia utafiti kama mtu anayetafuta mchumba. Yapo ya namna nne. La kwanza ni pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Bei yake ndogo, ila kingo zake zinakata midomo na maji yakiingia yanaoza na majani humo humo. La pili ni la mbao, unalitengeneza hata wewe na Sufiani. La tatu ni wavu wa kamba, unaujaza majani na kuutundika, ng'ombe anachomoa kidogo kidogo. La nne ni la chuma: nondo zimesimama kwa kuinama, ng'ombe anaingiza kichwa kati ya nondo na nondo, na chini kuna sinia la bati la kudaka yanayodondoka.

Jumamosi nilipanda mpaka Bungu kwa mzee Habakuki, yule niliyemwekea madirisha. Ng'ombe wake wa maziwa wanakula kwenye la chuma mwaka wa sita sasa. Anasema gharama ya chuma inauma mara moja, ya mbao inauma kila mwaka. Nilichukua vipimo vyote pale pale.

Sitakuja kwa sasa, nina mageti ya gesti moja hapa mjini na mwenye nayo ana haraka. Lakini niambie umechagua lipi.

Mwanao,
Muhsin

*

Misima, Handeni
1 Agosti 2024

Mwanangu Muhsin,

Wa aleykum salaam, na marahaba ya mwezi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa raha ya kuisoma tu.

Pipa silitaki. Mbao zako mchwa wa Handeni watazipokea kwa bismillahi. Wavu nimewaza sana, ila Mkorofi, yule dume, ameshakula ukosi wa shati la Sufiani likiwa mwilini, sembuse kamba. Basi imebaki chuma. Nina fedha ya ndama wa mwaka jana, itatosha vyuma. Ufundi utanipa wewe, nimekulea bure.

Ila kuna kitu kimoja nimekiona. Barua nzima hujaniuliza habari ya ng'ombe wenyewe. Baba yako hata akitengeneza kigoda alimwambia mtu asimame, ageuke, akae. Najua una kazi. Ukipata nafasi ya siku moja, yule jogoo mwekundu bado yupo, nimemwambia asizurure mbali.

Kutoka hapo ulipo mpaka hapa ni saa mbili za basi. Nakutajia tu, usije ukawa umesahau.

Mama yako

*

Old Korogwe
11 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nina habari njema: hori limeshatengenezwa! Sikutaka usubiri. Nilifanya jioni baada ya kazi za watu, siku nane. Lina urefu wa mita mbili na ushee, nafasi za vichwa sita, kila nafasi sentimita thelathini na tano, vile vile kama la mzee Habakuki. Nimelipaka rangi ya bluu uliyopenda kwenye dirisha la jikoni. Wateja wawili wameshaliulizia.

Ramadhan analipakia kwenye Fuso yake kesho, anakwenda kuchukua mahindi huko. Sufiani na vijana wawili walishushe, waliweke palipo na kivuli, na miguu yake ifukiwe shubiri moja ardhini, Mkorofi asije akalipindua. Jaza majani jioni, yatatosha mpaka asubuhi.

Nimefurahi kulitengeneza, mama. Tangu baba afariki sijafanya kitu chochote cha nyumbani. Ile siku mliponipigia simu nikiwa Bungu, nikasema namalizia kazi, nakuja kesho, naikumbuka kila ninapovaa miwani ya kuchomelea. Nilipofika mlikuwa mmeshamzika na watu wanakunja mikeka. Miaka mitatu sasa, na kila nikitaka kupanda basi naiona ile mikeka. Huyu aliyetengeneza hori angalau hakuchelewa.

Mwanao,
Muhsin

*

Misima, Handeni
25 Agosti 2024

Mwanangu Muhsin,

Salaam aleykum. Hori limefika tarehe kumi na tatu. Ni zuri sana, rangi imeng'ara. Watu wanakuja kulitazama. Ng'ombe wanakula vizuri.

Mungu akuzidishie.

Mama yako

*

Old Korogwe
15 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako fupi imenipa hofu kidogo, nikasema labda macho nayo yameanza. Hujambo lakini?

Leo Jumapili nimelala ndani mpaka saa nne. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nilijipikia chai, nikaimwaga nusu, maana bado napika ya watu wawili tangu mke wangu alipoondoka. Nikaanza kupiga hesabu ya majani yako, nayo ikanichangamsha.

Sikiliza. Hori liliposimikwa ulibaki na marobota kama mia na ishirini. Sasa hakuna la kukanyagwa, unatumia moja na nusu kwa siku. Kwa hiyo leo unapaswa kuwa na sabini na kitu, yatakufikisha mwanzoni mwa Novemba na mvua itakukuta unacheka. Tausi hauzwi. Niandikie yamebaki mangapi kamili, nataka nimwonyeshe mzee Habakuki.

Na Tausi anakulaje? Bado anachagua majani laini kwanza kama bibi harusi?

Mwanao,
Muhsin

*

Misima, Handeni
29 Septemba 2024

Mwanangu Muhsin,

Asalaam aleykum. Mimi mzima, macho yangu mazima, usinitafutie ugonjwa mwingine, huu mmoja unanitosha.

Pole na chai ya watu wawili. Mimi nilipika ya watu wawili mwaka mzima baada ya baba yako. Siku hizi kikombe cha pili nampa Sufiani akipita, na asipopita nakinywa mwenyewe polepole ili asubuhi iishe.

Marobota yapo, sijayahesabu karibuni, stoo ina giza. Jua ni kali, bwawa limebaki tope. Kuku wangu mweupe anataga vizuri, ameweka mayai tisa ndani ya hori na sasa ameanza kuatamia, hata kumwinua siwezi, ananidonoa. Swaumu amejifungua mtoto wa kike. Huko Korogwe ng'ombe mkubwa jike anakwenda bei gani siku hizi? Nauliza tu.

Mama yako

*

Old Korogwe
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nilicheka habari ya kuku, nikaikunja barua, nikaendelea na kazi. Baadaye nikazima mashine.

Mama, kuku hawezi kuatamia mahali ambapo ng'ombe watano wanaingiza vichwa kutwa kucha. Na mtu ambaye majani yanamtosha haulizi bei ya ng'ombe.

Niambie ukweli. Hori lina nini?

Mwanao,
Muhsin

*

Misima, Handeni
10 Oktoba 2024

Mwanangu Muhsin,

Salaam aleykum. Kuku huyo ni mmbeya, namla sikukuu.

Nitakwambia, ila uisome ukiwa umekaa. Hori lilidumu siku moja. Jioni ile tulilijaza, nikaenda kulala na furaha yangu. Alfajiri nilipotoka kutia udhu nikamkuta Tausi amenasa. Kichwa kimeingia kiubavu, hakitoki. Pembe zimejifunga nyuma ya nondo, shingo imechubuka mpaka nyama, ulimi nje, na ardhi chini ya miguu yake imechimbika kama shimo la choo. Alipiga kelele kiasi gani sijui. Nililala hatua ishirini kutoka pale, Muhsin, na sikusikia kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimshika kichwa asijinyonge mpaka jua likatoka, Sufiani akaja, akapanua nondo kwa jeki ya trekta.

Alipona. Lakini tangu hapo hakaribii hori, na wale wanne walimwona mwenzao, hawakanyagi hata kivuli chake. Nikarudia kuwamwagia chini. Marobota mawili kwa siku, kama zamani.

Sufiani alinichorea mchangani kwa kijiti nikaelewa. Ng'ombe wa Bungu wanachomwa pembe wakiwa ndama kwa sababu wanakaa bandani. Vichwa vyao ni mviringo kama vibuyu. Wetu wana pembe. Na Tausi, mwanangu, akiwa ndama ulimfunga kwa pembe kwenye nguzo ya geti ukaenda kucheza mpira, akajivuta mpaka pembe ya kushoto ikakua imelala kando, kama mkono wa mtu anayesimamisha basi. Ulilia siku ile, baba yako ikabidi akubebe. Nilidhani kitu kama hicho mtu hasahau.

Sikukwambia kwa sababu kitu alichokutengenezea mtoto kwa mikono yake hukirudishi. Ulishaniandikia kwamba safari hii hukuchelewa. Ningekuandikia nini mimi? Nikasema ng'ombe wanakula vizuri. Na ni kweli walikuwa wanakula, chini.

Sasa nikupe na ukweli wa pili, maana nimeshaanza. Hori ningeweza kumwambia fundi wa hapa Handeni mjini. Yupo, na bei yake si mbaya. Nilikuandikia wewe kwa kuwa nilijua fundi hupima kwanza. Nikasema atakuja kupima, atalala usiku mmoja, nitamwona. Hukuja kupima. Lilikuja hori.

Marobota yamebaki manne. Jumanne ni mnada. Sufiani atampeleka Tausi.

Mama yako,
Mwaija

*

Old Korogwe
13 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata jana jioni. Sikulala.

Usimuuze. Nakuomba sana. Simu ya Sufiani haipatikani tangu jana, kwa hiyo nampa Hiza barua hii sasa hivi, nimemwambia aifikishe leo leo. Nitanunua majani huku na kuyaleta. Nitakuja Jumamosi tarehe kumi na tisa, mageti ya gesti nakabidhi Ijumaa, mwenye nayo amenibana. Siku sita tu.

Na tafadhali chukua kamba, mpime Tausi kutoka ncha ya pembe hii mpaka ncha ya pembe ile, ukate kamba pale pale, unitumie. Nitaanza kukata vyuma vipya kabla sijaja.

Nisamehe.

Mwanao,
Muhsin

*

Misima, Handeni
16 Oktoba 2024

Mwanangu Muhsin,

Asalaam aleykum. Barua yako Hiza amenipa leo Jumatano asubuhi. Alisema, au nadhani alisema, aliisahau kwenye shati jingine. Usimgombeze, ana watoto wadogo, hajalala vizuri.

Tausi aliondoka jana. Alitoka zizini vizuri tu, hakusumbua. Kwenye geti alisimama na kunigeuzia uso kama kawaida yake, nami nikamwambia nenda. Aliyemnunua ni mtu wa Mkata. Sikutaka kujua zaidi. Kwa fedha yake nimenunua mabua ya mahindi na pumba, hawa wanne watafika kwenye mvua.

Kamba uliyoomba hii hapa ndani ya bahasha. Sikuwa nimeisoma barua yako nilipoipima. Nilimpima jana mwenyewe kabla hajatoka, ili nibaki na kitu chake. Nilikuwa nimeitundika kwenye msumari ulipokuwa unatundikwa mkoba wako wa shule. Ukishaona ulivyokosea, nirudishie.

Kwa hori hakuna haraka tena, kuku ameangua saba. Lakini ukija Jumamosi njoo hivyo hivyo, hata kama huna cha kupima. Nina upweke, Muhsin. Nimeandika mengi juu ya majani kwa sababu neno hilo lilikuwa gumu kuandika.

Kitanda chako nimeshatandika leo, mapema kidogo.

Mama yako,
Mwaija

*

Misima, Handeni
17 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Hiza alinipa barua yako leo asubuhi stendi, hakuisahau. Niliifungulia pale pale na kamba ikaangukia viatu vyangu. Niliinyoosha, ikapita nafasi mbili za nondo za lile hori, na bado ikabaki. Nikapanda basi lile lile. Geti la gesti liko chini halina hata bawaba, na mwenye nalo amenipigia mpaka simu ikazima. Na apige.

Nimebisha hodi mlangoni mara tatu, kisha nikakumbuka. Nimeingia, nimekaa kwenye kiti cha baba, naandika nyuma ya ile barua yangu ya Jumapili niliyoikuta mezani. Kwa dirisha nakuona uko zizini umenipa mgongo, unawamwagia wale wanne mabua. Unaongea nao. Sikujua kwamba siku hizi unaongea kwa sauti kubwa hivyo. Umewaambia watulie, Muhsin anakuja Jumamosi.

Maneno ya mdomo hutayasikia, kwa hiyo nayaweka hapa. Nisamehe kwa baba. Nisamehe kwa Tausi. Nimekuja na msumeno wa chuma niliokuwa nao nikienda kazini, na kamba mpya niliyonunua stendi, na safari hii nitapima pembe moja moja, hata ikichukua wiki. Kamba ya Tausi nimeirudisha kwenye msumari wake.

Nikimaliza mstari huu nitatoka nje nikushike bega. Usishtuke.

Mwanao,
Muhsin